Likizo ya Mama Ng'ambo

Mtaani walimwita Mama Ng'ambo, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Tangu aliporudi kutoka nchi ile waliyoishi, hapakupita siku asiitaje. Umkaribishe chai, atakwambia kule walikokuwa vikombe hupashwa moto kwanza. Umwonyeshe kitambaa ulichonunua, atakigeuza, atakivuta, kisha atasema kitambaa kama hiki kule wangefutia madirisha. Majirani walimcheka, wakamwiga midomo, mwishowe wakamzoea. Wachache sana ndio waliogundua kwamba kila alipoitaja nchi ile, macho yake yalikimbilia kwenye simu.

Maana kule alimwacha mwanawe.

Kule alikuwa dobi wa hoteli. Usidhani ni dobi wa kufikicha nguo kwenye beseni. Hoteli ilikuwa na mashine za kufulia zinazoweza kumeza mtu, na yeye alikuwa mtu wa pasi, ile pasi kubwa ya rola ambayo mmoja huilisha shuka upande huu na mwenzake huipokea upande ule. Lugha ya watu wa kule alifundishwa na wenzake wa chumba cha pasi, matusi kwanza, salamu baadaye. Mumewe, ambaye hata mkewe alimwita Fundi, alikuwa fundi wa lifti. Kelele za mitambo zilimharibu sikio moja, na lugha ya wenyeji haikumwingia kabisa. Aliondoka akijua "imekwama" na "haraka," basi. Waliishi chini kabisa ya jengo moja la ghorofa, dirisha lao likiwa usawa wa njia, hata wakawatambua wapangaji wenzao kwa viatu kabla ya kuwajua kwa sura. Mtoto wa kwanza alikuwa wa kiume. Baba yake alimpa jina la Mzee, kwa sababu alianza kutembea mikono ikiwa nyuma kama mtu aliyekuja kukagua kazi. Wa mwisho, msichana, walimwita Kitinda, na siku wanaondoka alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Hawakuondoka kwa kupenda. Kampuni ya lifti ilifungwa, kibali cha Fundi kilitegemea kampuni, wakaambiwa wafungashe. Mzee alikuwa darasa la mwisho na mitihani ilikuwa mlangoni. Mwanafunzi aliruhusiwa kubaki, na wazazi wakaona kumkatisha shule hapo alipofika ni kumtia hasara ya maisha. Wakamwacha kwa mama wa ghorofa ya pili, mshonaji, mjane asiye na mtoto, mtu mpole aliyekuwa akimpa Mzee vifungo vya kuchezea tangu akiwa mdogo.

"Ukimaliza mtihani tu, unakuja," mama yake alimwambia pale mlangoni, akimnyoosha kola ambayo haikuwa imekunjamana. "Begi lako liwe tayari. Siku yoyote tutakuita."

Mzee akamaliza, tena akafaulu. Akapiga simu. "Mama, nimemaliza. Nije lini?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na yaliharibika kwa kitu kidogo, aibu. Wakati ule familia ilikuwa inalala sebuleni kwa mdogo wake Fundi. Kila jioni walisubiri wageni wa mwenye nyumba waage ndipo watandike godoro, na mgeni mwingine, Mungu amsamehe, alikuwa haagi. Mama Ng'ambo alijikaza, akatabasamu, akaitwa mtu wa ng'ambo huku hana hata msumari wa kutundikia nguo zake. Na huyu Mzee alikuwa amemlea kwa kumsifia kwao: kwetu kuna nafasi, kwetu mtu halali chini ya miguu ya watu. Sasa amwite aje aone nini?

"Subiri kidogo, baba," alimjibu. "Tunajenga."

Fundi alimwambia wazi, "Mlete kijana. Atalala tunapolala."

"Mwanangu hatawekwa kwenye sebule ya watu kama mzigo," mkewe akasema, na akisema neno kwa sauti ile, Fundi huwa hasikii vizuri hata kwa sikio zima.

Basi likawa ndilo jibu. Nije lini? Tunajenga. Nije lini? Bado kidogo, tumefika kwenye linta. Nije lini? Paa, mwanangu, tumebakiza paa. Kila mara Mzee alisema, "Sawa, mama," na kila mara ile sawa ilikuwa fupi zaidi. Nyumba ikaisha. Chumba chake kikapakwa rangi kabla ya vyumba vingine vyote, kikawekwa kitanda, na mama yake akapiga simu kwa mbwembwe, sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Njoo, baba. Chumba chako tayari."

"Hongereni, mama," Mzee akasema. "Ila nimepata kazi huku. Tutaona."

Tutaona hiyo ilikula miaka. Godoro la chumba kile lilibaki ndani ya nailoni yake, na Kitinda, ambaye alikuwa amekua msichana wa kujibizana, alikatazwa kulala mle hata nyumba ikijaa wageni. Simu za Mzee zilikuja sikukuu kwa sikukuu. Kazi yake ilikuwa kutembeza watalii, akiwaonyesha mji. Mama yake aliwatangazia watu kwamba mwanawe ni mkubwa wa mambo ya utalii, akatia chumvi kidogo hapa na pale, na watu walimwacha aseme.

Fundi, ambaye siku hizi alikuwa fundi wa pampu za maji, alipopata kazi moja nono, mkewe alisema wanaenda likizo. Mtaa mzima ukaambiwa likizo: Kitinda akaone alikozaliwa, wazee wakapumzike. Lakini ndani ya sanduku lake kubwa Mama Ng'ambo alipakia sanduku jingine, tupu. Fundi aliliona.

"Hilo la nini?"

"La nguo za Mzee. Naenda kumchukua mwanangu."

"Na asipotaka?"

"Mtoto gani asiyetaka kwao?"

Fundi alikuwa ameshakutana na lifti nyingi zilizokataa kupanda hata ukizibembeleza. Alikuna kichwa, akamsaidia kufunga zipu.

Mzee aliwapokea uwanja wa ndege akiwa amevaa shati lililonyooshwa vizuri sana, jambo ambalo mama yake aliliona kabla hajauona uso. Alikuwa mwanamume kamili, na kidevu cha Fundi. Mama Ng'ambo alikuwa amejiandaa kulia, leso iko mkononi, lakini kijana alitangulia kunyoosha mkono.

"Karibuni sana. Safari yenu ilikuwa nzuri?"

Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha msomaji wa habari. Fundi akakohoa kidogo, na ndipo Mzee akakumbuka, akainamisha kichwa. "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema, na ile leso akairudisha kwenye mkoba, kwa sababu ilikuwa haina mahali pa kuanzia.

Hakuwapeleka kwake. Aliwapeleka hotelini, na kati ya hoteli zote za mji ule aliwatafutia ileile ambayo mama yake alipiga pasi. Alisema kazini wanapata punguzo pale, na chumba ni kizuri. Huenda alifikiri atamfurahisha. Mama Ng'ambo alipanda kwa lifti, Fundi akitega sikio lake zima na kunung'unika kwamba kamba zinalia, wakaingia chumbani. Mama akaifunua shuka, akapitisha kiganja kwenye pindo.

"Wamepiga pasi wakiwa na hasira," akasema.

Kitinda akacheka. Mzee naye akatabasamu, tabasamu zuri lenye meno yote, kisha akatazama saa. Akaeleza kwamba huu ni msimu, wageni ni wengi, ruhusa haipatikani. Lakini kesho asubuhi amewaweka kwenye kundi lake, watembee naye mji mzima bila malipo.

"Kundi?" mama akauliza.

"Kundi la mwavuli wa kijani. Mkutane nami uwanja wa katikati ya mji, kwenye chemchemi. Vaeni viatu vya kutembelea."

Alipoondoka, Fundi alisema kijana ana shughuli, wamwelewe. Mama Ng'ambo akasema anamwelewa. Alikuwa hamwelewi hata kidogo, lakini alijipa moyo kwamba kutembea naye mji mzima ni afadhali kuliko kukaa naye chumbani wakitazamana. Njiani atapata nafasi ya kumwambia.

Asubuhi waliwakuta wenzao wa kundi wamesimama kwenye chemchemi: maharusi wasioachana mikono, bibi wawili wenye kofia zinazofanana, na bwana mmoja mwenye kipara na kamera shingoni. Mzee aliwabandika wote stika ya kijani kifuani, ili wasichanganywe na makundi mengine. Alipomfikia mama yake aliibandika kwa uangalifu, akaigandamiza kwa kidole gumba, akahamia kwa anayefuata.

Halafu akaanza kazi, na jamani, alikuwa akiiweza. Alitembea kinyumenyume mbele yao, mwavuli juu, bila kujikwaa. Aliwahesabu vichwa kwa kidole kila walipovuka njia. Alisema lugha ya kule kama aliyezaliwa nayo, na kwa kweli alizaliwa nayo. Aliwaeleza kuhusu soko la zamani, saa ya mnara inayokwenda mbele kwa makusudi, daraja ambalo mjenzi wake alikuwa mwoga wa maji, na kila penye mzaha watu walicheka pale alipotaka wacheke. Fundi hakusikia kitu, Kitinda hakuelewa kitu. Lugha ile ilimtoka alipoachishwa ziwa. Mama Ng'ambo peke yake ndiye aliyeelewa yote. Alitembea kifua mbele na stika yake, akitamani kuwaambia wale bibi wa kofia kwamba yule ni wake.

Kisha wakakata kona, akaujua mtaa.

Jengo lilikuwa limepakwa rangi mpya. Pale chini, lilipokuwa dirisha lao, walikuwa wanauza mikoba. Lakini ngazi za mlangoni zilikuwa zilezile, na mama alimshika Fundi mkono kwa nguvu. "Ndiyo hapa," akasema. "Kitinda, ndiyo hapa!" Kitinda akatoa simu akapiga picha ya duka la mikoba.

Mzee akasimama kwenye ngazi, akaushusha mwavuli, akangoja kundi lisogee. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya chini, ya mtu anayetaka kukunong'oneza jambo. Alichosema, alikisema kwa lugha ya wenyeji. Nakiweka hapa kwa yetu.

"Hapa chini, mabibi na mabwana, palikuwa na chumba kimoja, na katika chumba hicho iliishi familia kutoka mbali. Baba alikuwa fundi wa lifti. Alizipandisha lifti za mji mzima, mwenyewe akalala chini ya ardhi."

Watu wakacheka kidogo. Mama Ng'ambo naye akacheka. Moyo ulimjaa, akaona kumbe wamekumbukwa, kumbe wamo kwenye habari za mji.

"Mama alikuwa mpiga pasi wa hoteli, mwenye ulimi mkali kuliko pasi yake. Siku moja ikawabidi warudi kwao. Mtoto wao wa kiume alikuwa na mtihani, wakamwambia: baki, ukimaliza tutakuita, begi lako liwe tayari. Mvulana alikuwa mtiifu. Akamaliza, akafunga begi, akashuka, akakaa juu yake hapa, kwenye ngazi hii niliyosimama. Jioni, mshonaji wa ghorofa ya pili alimwita aje ale. Kesho yake akashuka tena. Wapita njia waliomwona wakaanza kumuuliza njia: soko liko wapi, kituo kiko wapi, mnara ule ni wa nini? Hakuwa na kazi nyingine, akawajibu. Wakauliza zaidi, akajifunza zaidi. Mwishowe akainuka na kuwapeleka." Akaufungua mwavuli, akauinua juu ya kichwa chake. "Na ndivyo, wapendwa, nilivyopata kazi hii."

Wakapiga makofi. Bibi mmoja wa kofia akashika kifua akasema masikini. Yule bwana wa kipara akapaza sauti, "Na wazazi wako wako wapi?"

Swali lile, ilionekana, huulizwa kila siku, kwa maana jibu lilitoka kabla muulizaji hajamaliza.

"Bado wanajenga," Mzee akasema.

Hapo walicheka sana. Maharusi walicheka mpaka wakaegemeana.

Fundi, alipoona watu wanacheka, alicheka pia, kisha akaliinamisha sikio lake zima kwa mkewe. "Amesema nini?"

"Anaeleza habari za jengo," Mama Ng'ambo akasema. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata kwenye sebule ya shemeji yake, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumficha aibu hiyo, kwa sababu hakuna aliyemjua. Wale bibi walimtabasamia kama mtalii mwenzao.

Mapumziko yalikuwa kwenye mgahawa wa pembeni. Fundi na Kitinda walipoingia foleni ya vinywaji, mama alimfuata Mzee, ambaye alikuwa amesimama peke yake akifuta miwani ya jua.

"Ile hadithi," akaanza.

"Ah," Mzee akasema. "Ulielewa?"

"Mimi nilipiga pasi na watu hawa. Nilielewa."

"Nilifikiri niiruke leo. Nilipofika pale, mdomo ukaenda wenyewe." Hakuwa amekasirika. Alizungumza kwa heshima, akimtazama usoni. "Wageni wanaipenda, mama. Bosi aliniambia niiweke kila safari."

"Kila siku unawaambia?"

"Msimu kama huu, asubuhi na jioni."

Mama Ng'ambo akapiga moyo konde. "Mzee. Baba yangu. Chumba chako kipo. Hajalala mtu mle, naapa, hata mdogo wako. Nimekuja na sanduku la nguo zako. Njoo nyumbani."

"Mama, mimi nilikuwa nakuja," Mzee akasema.

"Najua."

"Kila ulipopokea simu nilikuwa nakuja. Begi nilikuwa nalifungua kutoa nguo ya kuvaa, nalifunga tena."

Mama akaona afadhali aseme yote. "Tulikuwa tunalala sebuleni kwa baba yako mdogo. Chini, kwenye godoro moja, sisi na mtoto. Niliona haya. Sikutaka uje unikute vile."

Mzee akaacha kufuta miwani. Kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa ndege uso wake ulikuwa wa mtu, si wa kazi, na mama aliuona ule wa mtoto aliyemnyoosha kola mlangoni.

"Ningelala hapo hapo," akasema. "Godoro halitoshi, ningelala sakafuni. Mama, mimi sikuuliza kama kuna chumba. Niliuliza nije lini."

Mwanawe angemtukana ingekuwa nafuu. Tusi lina kujibizana, na baada ya kujibizana watu hupatana. Lakini kijana aliongea kama anayesahihisha kosa dogo la mgeni, na hilo lilimkata maini.

"Basi njoo sasa," akasema, kwa sauti ndogo.

"Siwezi sasa. Naishi na mama wa ghorofa ya pili. Macho yamekwisha, miguu nayo. Akibaki peke yake muda mrefu anaogopa." Akavaa miwani. "Huwezi kumwambia mtu kama huyo asubiri."

Hakulisema kwa kuchoma. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya: alilisema kwa sababu ni kweli.

"Naweza kwenda kumsalimu? Nimshukuru?"

Mzee akafikiri, akatikisa kichwa. "Wageni wanamchosha, mama."

Akatazama saa, akaomba radhi, akaenda kuwahesabu watu wake kwa kidole. Mama Ng'ambo alibaki pale ameshika kiti cha mgahawa. Alijaribu kutafuta la kufanya. Walikuwa wamebakiza siku kadhaa za likizo. Angeweza kumpikia, lakini hotelini hapana jiko. Angeweza kumnunulia kitu, lakini alikuwa hajui hata saizi ya shati lake. Angeweza kumlilia, na alijua kijana angempa kitambaa, angemtafutia kiti na maji ya kunywa, jinsi anavyofanya mtalii akizidiwa na jua. Kila mlango aliougusa ulikuwa umeshafungwa, tena kwa adabu.

Fundi akaja na vikombe. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

Akamtazama mumewe, mzee wa watu, stika ya kijani imeanza kubanduka kwenye koti lake zuri la safari. "Amesema tutaona," akasema, na Fundi akaitikia kwa kichwa, mwenye matumaini, akanywa.

Sehemu iliyobaki ya mji aliipita bila kuiona. Alisikia sauti ya Mzee mbele, alisikia vicheko, alivuka njia wenzake walipovuka. Mara moja alichelewa nyuma kidogo, na Mzee akasimamisha kundi zima mpaka afike. "Tusimwache mtu," aliwaambia wageni kwa uchangamfu, na wale bibi wa kofia wakampisha apite mbele.

Walirudi uwanjani alasiri. Upande wa pili wa chemchemi kundi la jioni lilikuwa limeanza kukusanyika, mwenzake Mzee akiwagawia stika. Mzee aliwashukuru watu wake wote kwa pamoja, kisha wakajipanga wenyewe kumuaga, jinsi watalii wanavyofanya wakiona mmoja ameanza. Maharusi walitangulia. Bwana wa kipara akapiga naye picha. Fundi akafika, akampa mkono, akashindwa kuuachia, akampigapiga bega na kumwambia, "Kazi unaiweza, Mzee, kazi unaiweza," mpaka Kitinda akamvuta. Kitinda akasema, "Kaka, tutaonana jioni?" na kaka yake akasema akipata nafasi atapiga simu.

Kisha zamu ikawa ya Mama Ng'ambo. Mzee alikuwa ameshaupokea mkono wake kwa mikono miwili kabla hajainua macho, na maneno yakamtoka kama yalivyomtoka kwa wageni waliotangulia, kwa lugha ya kule:

"Asante kwa kutembea nasi. Karibu tena mjini kwetu."

Alishtuka, mama aliona ameshtuka, akafungua mdomo atafute Kiswahili. Nyuma yao wale bibi wawili walikuwa wanangoja na kofia zao, na kundi la jioni lilikuwa linamtazama. Mama Ng'ambo akamwonea huruma. Akamrahisishia kazi.

"Umetueleza vizuri sana," akamjibu kwa lugha ileile, kama mgeni, akamwachia mkono.

Mzee akainamisha kichwa, akamshukuru, na bibi wa kwanza wa kofia akasogea mbele.